Herufi Chini ya Mpini

Aliniletea bastola ndani ya soksi ya sufi,
Dwight Corrigan, muuza matrekta wa Kettle Butte,
akailaza mezani kama mtu anayelaza samaki
asiye na hakika kama amekufa.
Miaka mia moja na arobaini, na gurudumu la risasi sita
bado linazunguka bila kulegea.

"Nataka babu wa babu yangu," akasema.
"Huku treni, huku farasi,
yeye katikati, kofia imemfunika jicho moja.
Usisahau mfuko wa pesa.
Na yale majani ya kujikunja, yajaze kila mahali,
pasibaki pengo hata la kutua nzi."

Akanipa gazeti kuukuu ndani ya plastiki,
limekunjwa mara tatu, uso tu ndio unaoonekana:
Lyle Corrigan, mwizi wa benki,
ana macho ya mtu aliyeamshwa usingizini.

Mimi si hakimu. Mimi ni fundi.
Nimechonga tai, nimechonga mafuvu,
nimechonga jina la mke wa mtu kwenye bunduki
na mwaka uliofuata nikalifuta, bei ile ile.
Wiki tisa nilimlaza Lyle kwenye chuma
unywele baada ya unywele,
lenzi jichoni, pumzi nimeibana,
maana kikohozi kimoja tu
na farasi anapata mguu wa tano.
Treni ilinitoa jasho. Moshi!
Moshi hauna ukingo,
na chuma hakijui kitu kisicho na ukingo.

Siku moja nilitaka kuona
ndevu zake ziliishia wapi shingoni.
Nikalikunjua gazeti.

Chini ya mkunjo alikuwepo mwingine, hana picha.
Karani, miaka kumi na tisa.
Alikuwa na ufunguo, ila si wa kasha lile.
Mstari wa kwanza wamemwita Anselm Vogt.
Mstari wa nne, Voght.
Mstari wa sita ni tangazo la sabuni.

Jumamosi niliendesha gari hadi makaburini,
theluji magotini, upepo wa Montana
ukinitafuta mlango kwenye koti.
Nilifagia majiwe kumi na moja kwa glovu
kabla sijampata. Lake dogo, kama mkate.
Asiye na mwana aeleke jiwe:
mama yake alieleka lile.
Na wachonga mawe, kama mimi,
hutoza kwa herufi.
Alilipa VOGHT, na ile H akailipia,
hakubakiwa na senti za kuandika mwaka.

Nikarudi. Nikawasha taa.
Parafujo mbili tu hushika mpini.
Nikavitoa vipande vya mfupa wa nyati,
na pale ndani, pasipofika mwanga wala kiganja,
nikaanza na H,
nisije nikaisahau.
Herufi tano. Hazina majani, hazina maua.
Halafu nikarudisha mfupa, nikakaza,
nikapangusa mafuta.

Dwight alikuja Jumanne na mwanawe mdogo.
Aliigeuza huku na huku dirishani,
akacheka, akasema, "Ni yeye! Ni yeye kabisa!"
Mtoto akauliza kama treni inakwenda au imesimama.
Nikamwambia imesimamishwa.

Dwight alihesabu noti mbele yangu mara mbili,
mtu mwaminifu, hajawahi kunikopa.
Akaipima mkononi.
"Imekuwa nzito," akasema, "au ni mkono wangu?"

Nikasema uchongaji hupunguza chuma,
hauongezi.
Huo ndio ukweli, muulize fundi yeyote.

Akairudisha kwenye soksi.
Bisibisi ilikuwa pale pale, kati yetu, mezani.
Mtoto ndiye aliyeitazama.